Hamira iliyovunwa kutoka bia ya nyumbani: ihifadhiwe vipi, na itumike hadi kizazi cha ngapi?

Kimea_Nairobi
Wanajamvi, salamu. Hupika bia nyumbani hapa Nairobi, lita 20 kwa mpiko mmoja, na hamira ninayoitegemea ni US-05 ya pakiti ya gramu 11.5. Kwa kuwa pakiti hizo huagizwa kutoka nje na bei yake haipoi, nimezoea kuvuna: bia ikishahamishwa, naacha kidogo juu ya mashapo, natikisa ndoo, kisha namimina uji ule wa hamira kwenye chupa za jemu zilizochemshwa na kuziweka kwenye jokofu hadi mpiko unaofuata. Kizazi cha pili na cha tatu, yaani hamira ikitumika mara ya pili na ya tatu, hutoka vizuri, pengine kuliko cha kwanza. Kuanzia cha nne povu huchelewa sana kuonekana, na bia ikishapoa inanukia karafuu, ilhali jikoni mwangu karafuu haikuguswa. Dai langu, ambalo niko tayari lipingwe, ni kwamba hamira huchoka kama kiumbe chochote, na kwamba mpishi wa nyumbani asivuke kizazi cha tatu. Mwenye maelezo mengine ayaweke hapa.

Bi_Hadubini
Nalipinga. Viwanda vingi hurudia hamira ileile mara tano hadi kumi kabla ya kurudi kwenye mbegu safi, na viko viwanda vya zamani Uingereza ambavyo vimekuwa vikikwangua hamira juu ya povu na kuiendeleza kwa miongo mingi. Ikiwa hamira ingechoka kwa kizazi cha nne, viwanda hivyo vingekuwa vimefungwa.

Harufu ya karafuu ina chanzo kinachojulikana. Nafaka hutoa asidi ya feruliki, na hamira yenye uwezo huo huigeuza kuwa kemikali inayonukia karafuu. Ndiyo inayozipa bia za ngano za Bavaria harufu yake. Hamira nyingi za bia, pamoja na hiyo unayoitumia, zimeupoteza uwezo huo, na si rahisi jeni iliyoharibika ijitengeneze upya ndani ya chupa ya jemu. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: umeingiliwa na hamira mwitu. Inazidi kidogo kila kizazi, na kufika cha nne inatosha kunuswa.

Mzee_Pipa
Bi Hadubini ameeleza harufu, lakini hakugusa kuchelewa kwa povu, na kwa maoni yangu huko ndiko tatizo lilikoanzia. Hamira kavu hukuzwa kiwandani kwa hewa nyingi, kwa hiyo seli zake hutoka pakitini zikiwa na akiba ya steroli, ambayo ndiyo inayoweka ngozi ya seli katika hali ya kulainika na kuvumilia pombe. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe husema mpiko wa kwanza hauhitaji kutiwa hewa. Seli ikigawanyika, akiba ile inagawanywa kati ya mama na mtoto, na bila oksijeni haitengenezwi nyingine. Kufika kizazi cha tatu au cha nne, mpishi aliyezoea kumimina hamira kavu juu ya maji ya kimea bila kuyatikisa anakuwa na seli nyingi zilizo maskini. Nauliza: maji yako ya kimea unayapa hewa kabla ya kuweka hamira?

Kimea_Nairobi
Asante, Mzee. Nayamimina kutoka sufuriani hadi kwenye ndoo kwa kimo kidogo, basi. Pampu sina.

Mzee_Pipa
Basi sina la kuongeza kwa sasa. Funika ndoo na uitikise kwa dakika kadhaa maji yakiwa yamepoa, kisha uone.

Fundi_Jokofu
Ndugu zangu mnakimbilia jeni na steroli, na hakuna aliyeuliza chupa zinakaa wapi. Hamira iliyovunwa inataka nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, bila kupanda na kushuka, na inafaa itumike ndani ya wiki moja au mbili. Mlango wa jokofu la nyumbani hufunguliwa kila mtoto anapotaka maji, na joto la pale ni tofauti kabisa na la rafu ya chini kwa nyuma. Ongeza umeme unaokatika. Kila joto linapopanda, seli huamka, hula akiba yao ya glaikojeni, na zikiimaliza hufa na kujiyeyusha kwa vimeng'enya vyao wenyewe. Ukifungua chupa ukakuta rangi imekuwa ya kahawia na harufu ni ya Marmite, ile hamira nyeusi ya kupaka mkate, ujue umechelewa. Hamira iliyo hai huwa na rangi ya maziwa ya mtindi na hunukia mkate na bia.

Kimea_Nairobi
Chupa zinakaa mlangoni, na umeme hapa hukatika. Lakini rangi haijawahi kuwa kahawia, na hiyo harufu ya Marmite sijaipata.

Dada_Ulezi
Mimi niko Moshi, na mbege ya ukoo wetu, pombe ya ndizi na ulezi, ndiyo iliyonifundisha kuheshimu kimea kabla sijaijua hopsi, yale maua machungu ya bia. Ndugu mwanzilishi, nadhani unahifadhi uchafu pamoja na hamira. Mashapo ya ndoo yana mabaki ya hopsi, protini zilizoganda na seli zilizokufa. Chemsha maji, yafunike yapoe kabisa, yamimine juu ya mashapo, tikisa, kisha ngoja dakika kumi hadi ishirini. Kilicho kizito kitatuama. Ile sehemu ya katikati yenye rangi ya maziwa imimine kwenye chupa safi, na kilichobaki chini tupa. Ukipenda rudia. Mimi nimeosha hivyo hamira kwa vizazi vingi kuliko vinne, wala karafuu sijaisikia.

Bi_Hadubini
Dada Ulezi, hapo umesuuza, hujaosha. Kusuuza kunatenganisha hamira na takataka zinazoonekana, lakini bakteria na hamira mwitu husafiri pamoja na sehemu ileile ya maziwa, na wewe umewaongezea nafasi ya kuingia kila unapohamisha chupa. Kuosha kwenyewe hufanywa kwa asidi, na Pasteur aliwahi kupendekeza asidi ya tartariki katika karne ya 19. Siku hizi hutumika asidi ya fosforiki hadi pH ifike kati ya 2.0 na 2.2, uji wa hamira ukiwa na baridi ya nyuzi 2 hadi 4, ukikorogwa kwa saa moja au mbili, kisha unatumika hapohapo. Hata hivyo asidi huua bakteria tu. Hamira mwitu huivumilia sawa na hamira yako, kwa hiyo mwanzilishi haitamsaidia.

Mjomba_Kola
Kama ni asidi ya fosforiki inayotakiwa, soda nyeusi ya kola inayo, na pH yake ni kama 2.5. Tuoshee hamira humo tuendelee na maisha.

Bi_Hadubini
Mjomba, soda hiyo ina sukari ya kutosha kuiamsha hamira unayotaka ilale. Utakuwa umetengeneza pombe ya kola.

Mjomba_Kola
Tatizo liko wapi?

Fundi_Jokofu
Naomba turejee. Maji ya Dada Ulezi yana kasoro nyingine kubwa kuliko kuhamisha chupa. Bia iliyokomaa ina pH ya karibu 4.2 hadi 4.5, ina pombe na ina uchungu wa hopsi, na vyote vitatu vinawazuia bakteria wengi. Ukiimwaga ukaweka maji, umeivua hamira silaha zake. Mimi naona hamira ikae chini ya bia yake yenyewe, mradi bia hiyo isiwe kali. Iliyotoka kwenye bia ya asilimia 8 au zaidi isihifadhiwe kabisa, kwa sababu pombe huzidhoofisha seli.

Ng'ambo_Minneapolis
Salamu kutoka kwenye theluji. Kuna njia ya maji inayokubalika, ila ni tofauti na ya Dada Ulezi. Wataalamu wa maabara huchukua kiasi kidogo mno cha hamira safi, tone la ncha ya sindano, na kukiweka kwenye maji yaliyotoneshwa na kuuliwa vijidudu. Bila chakula na bila chumvi, seli hulala, na huweza kukaa hai miaka kadhaa hata nje ya jokofu. Siri ni uchache wa hamira na usafi wa maji. Chupa ya jemu iliyojaa uji haiko katika hali hiyo, kwa kuwa seli zinazokufa huwalisha wenzake na kuwalisha wageni vilevile.

Mjomba_Kola
Maji yaliyotoneshwa huku ni maji ya betri, yanauzwa kila kituo cha mafuta.

Ng'ambo_Minneapolis
Tafadhali msiyatumie. Hayatengenezwi kwa ajili ya kunywewa, hayajauliwa vijidudu, na kwenye rafu ileile kuna asidi ya betri ambayo wauzaji wengine huiita kwa jina hilohilo. Nenda duka la dawa ukaulize maji ya sindano.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki. Hamira yoyote iliyokaa zaidi ya wiki mbili iamshwe kwanza. Chukua gramu 100 za kimea cha unga kwa lita moja ya maji, chemsha, poza, weka hamira, na uitikise kila unapopita. Ikitoa povu ndani ya siku moja, iko hai. Inuse na uionje kabla ya kuiamini na lita 20. Kuchelewa kwa povu anakosimulia mwanzilishi huenda kukawa ni uchache wa seli zilizo hai, basi.

Na onyo kwa wanaochemsha maji ya kimea na kuyafungia kwenye chupa kabatini ili yawe tayari: yana pH zaidi ya 5, na hayana pombe. Spora za bakteria wa botulizimu hazifi kwa kuchemsha. Nairobi, kwa kuwa iko juu karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Bila sufuria ya presha inayofika nyuzi 121, yachemshe siku unayoyatumia.

Kimea_Nairobi
Hilo la nyuzi 94 limenishtua, kwa sababu chupa zangu nazichemsha kwa dakika chache tu. Bi Hadubini, je, hamira mwitu inaweza kuokoka humo?

Bi_Hadubini
Hapana. Hamira hufa chini ya nyuzi hizo, hata spora zake, ukichemsha kwa dakika kumi au kumi na tano. Spora za bakteria ndizo sugu. Tafuta mlango mwingine: bomba la ndoo, mpira wa kuhamishia bia, mkwaruzo ndani ya ndoo ya plastiki. Bomba lisilofunguliwa na kusafishwa vipandevipande hubeba wageni kutoka mpiko hadi mpiko.

Mhasibu_wa_Seli
Naomba kuleta hesabu, kwa sababu uzi una maneno mengi na nambari chache. Kipimo kinachotumika kwa bia za kuchachuka kwa joto la kawaida ni seli milioni 0.75 kwa kila mililita kwa kila digrii Plato, kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea. Lita 20 zenye Plato 12 zinahitaji seli bilioni 180. Uji mzito wa hamira una takriban seli bilioni 1 hadi 2 kwa mililita, kwa hiyo mililita 150 hivi zenye mashapo kidogo zinatosha. Lager, bia zinazochachuka kwenye baridi, huhitaji mara mbili. Mwanzilishi hajasema anaweka kiasi gani, na ninashuku anamimina chupa nzima.

Kimea_Nairobi
Namimina chupa nzima.

Mhasibu_wa_Seli
Basi hapo pana maelezo ambayo hayajatajwa. Hamira ikizidi mno, seli hazigawanyiki ipasavyo, na kizazi kinachofuata kinakuwa na wazee wengi na watoto wachache. Ukirudia hivyo mara tatu, chupa inajaa seli kongwe na maiti. Kwa mantiki hiyo hata neno lake la kuchoka lina ukweli ndani yake, ingawa Bi Hadubini amelikataa.

Bi_Hadubini
Nakubali kwamba hesabu ni sahihi. Sikubali kwamba uzee huleta karafuu. Leta hadubini ya kukuza mara 400 na rangi ya buluu ya methilini: seli zilizokufa hunywa rangi, zilizo hai huitoa. Kipimo hiki hudanganya pale vifo vinapokuwa vingi, lakini ni bora kuliko kubishana.

Mzee_Pipa
Wengi wetu hatuna hadubini, Bi Hadubini. Tuna pua.

Mpishi_wa_Kisumu
Kwa kuwa pua imetajwa, nauliza kama hiyo ni karafuu kweli. Maji ya bomba yenye klorini, au chombo kilichosafishwa kwa dawa ya kung'arisha nguo kisha kisisuuzwe vizuri, huungana na kemikali za kimea na kutoa harufu ya plasta ya kidonda na dawa ya hospitali. Watu wengi huichanganya na karafuu. Ikiwa ndivyo, hamira haina hatia, na hata pakiti mpya itatoa bia ileile. Mwanzilishi, chupa zako unazisafisha kwa nini?

Kimea_Nairobi
Nazisafisha kwa dawa hiyohiyo, kisha nazisuuza kwa maji ya bomba, halafu nazichemsha. Lakini nilifanya hivyohivyo kwa kizazi cha pili na cha tatu, na bia haikunuka.

Mpishi_wa_Kisumu
Klorini ya bomba hupanda na kushuka kulingana na majira, hasa mvua zikinyesha na mto ukichafuka. Siiondoi kwenye orodha.

Kijana_wa_Dar
Nawasoma kwa wivu, kwa sababu hapa Dar es Salaam chumba changu hakishuki chini ya nyuzi 28, na US-05 humo hutoa bia yenye ukali wa kuumiza kichwa. Nimehamia kwenye kveik, hamira za wakulima wa magharibi ya Norwe, ambazo huchacha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Jambo linalohusu uzi huu ni kwamba wakulima wale hawakuwa na jokofu. Waliikausha hamira kwenye pete za mbao, vijiti vilivyotobolewa au vitambaa, wakaitundika, na ikakaa miezi mingi hadi sherehe nyingine. Kukausha kunaua wageni wengi wasiovumilia ukavu. Kwa nini tusikaushe badala ya kuhangaika na milango ya majokofu?

Mwana_wa_Muranga
Kijana, huko Norwe umefika mbali. Wazee wa Mlima Kenya wamekuwa wakikausha hamira bila pete yoyote. Tunda la mwegea hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa juani, kisha hutiwa kwenye asali na maji; pombe ya muratina ikiiva, tunda hutolewa likiwa limebeba hamira kwenye nyuzinyuzi zake, huanikwa tena na kuhifadhiwa. Tunda zuri hurithiwa, na mwenye nalo haliazimi ovyo.

Bi_Hadubini
Ni mfano mzuri, ila tunda hilo hubeba pia bakteria wa asidi ya laktiki, na kwenye muratina uchachu kidogo unakaribishwa. Kwenye bia ya mwanzilishi haukaribishwi. Nayo kveik ya wakulima mara nyingi ni mchanganyiko wa aina kadhaa za hamira, zilizochaguliwa kwa vizazi vya kukaushwa. US-05 iliyokaushwa kiwandani hukuzwa na kukaushwa kwa masharti maalumu. Ukiianika wewe kwenye sinia, nyingi zitakufa.

Mwana_wa_Muranga
Nyingi zitakufa, lakini chache zitakazobaki ndizo zitakazokuwa zimeuzoea ukavu. Si ndivyo kveik yenyewe ilivyopatikana?

Bi_Hadubini
Kwa karne nyingi, na si kwenye sinia la mama yako.

Dada_Ulezi
Katika mabishano haya nimekumbuka kisa cha Jacobsen wa Carlsberg, ambaye mwaka 1845 alichukua hamira kutoka kiwanda cha Spaten, Munich, akasafiri nayo kwa gari la farasi hadi Copenhagen, akiimwagia maji baridi kila waliposimama. Mtu huyo hakuwa na jokofu wala asidi ya fosforiki, na hamira ilifika hai.

Mhasibu_wa_Seli
Ilifika hai, lakini miaka ya baadaye bia ya kiwanda hichohicho ilipata ugonjwa, na Emil Christian Hansen akaonyesha kwamba hamira mwitu zilikuwa zimechanganyika humo. Mwaka 1883 alitenga seli moja na kuikuza hadi ikatosha kiwanda kizima, na mbegu hiyo ikagawiwa bure kwa viwanda vingine. Kwa hiyo kisa chako, Dada, kinamuunga mkono Bi Hadubini.

Mgeni_Mtulivu
Samahani kwa kuingilia. Je, naweza kuvuna hamira kutoka kwenye chupa ya bia ya dukani?

Ng'ambo_Minneapolis
Bia kubwa za dukani za Afrika Mashariki huchujwa na kupashwa moto, kwa hiyo humo hamna kitu. Tafuta bia inayoachwa na hamira chini ya chupa, acha kidogo pamoja na mashapo, kisha uikuze hatua kwa hatua: mililita 50 za maji mepesi ya kimea, halafu 200, halafu lita moja. Jihadhari kwamba baadhi ya bia hizo huwekewa hamira nyingine ya chupani, tofauti na iliyozichachusha.

Fundi_Jokofu
Kabla uzi haujatekwa na chupa za dukani, kuna jambo la usalama lililorukwa. Hamira iliyohifadhiwa inaendelea kutoa gesi. Kifuniko cha jemu kikikazwa sana na umeme ukakatika siku mbili, kioo hupasuka. Legeza kifuniko, au tumia chupa ya plastiki ya soda iliyosafishwa, ambayo ukiibonyeza unajua presha iliyomo.

Bi_Hadubini
Nakuunga mkono, na naongeza kwamba kuna hamira mwitu inayokula hata deksitrini, vipande vya wanga ambavyo hamira ya kawaida huviacha. Bia yenye mgeni huyo huendelea kuchacha ndani ya chupa zilizofungwa, na nyingi ya jamii hiyo hutoa karafuu. Mwanzilishi, pima bia zako za kizazi cha nne kwa haidromita, inayoonyesha sukari iliyobaki. Zikiwa zimeshuka chini kuliko za kizazi cha pili kwa mapishi yaleyale, ziweke zote kwenye baridi leo, usingoje kesho.

Kimea_Nairobi
Nimepima. Kizazi cha pili kiliishia 1.011, cha nne 1.010.

Bi_Hadubini
Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la kusoma kipimo. Haithibitishi wala haikanushi.

Mzee_Pipa
Na hamira iliyokosa hewa ingeishia juu, si chini, kwa hiyo hata mimi haijanisaidia. Gawa mpiko ujao katika ndoo mbili: maji yaleyale ya kimea, moja pakiti mpya, nyingine mililita 75 za chupa yako, zote zitikiswe sawasawa. Pakiti mpya ikinuka, Kisumu ameshinda.

Mpishi_wa_Kisumu
Na ziwe ndoo mbili mpya, tafadhali, la sivyo Bi Hadubini atasema ni bomba.

Bi_Hadubini
Nitasema ni bomba.